Wanane, 16,000, baa ya bei rahisi yenye matawi: bili ishikwe vipi?

Zimmer_Kwa_Mataa

Wadau, Ijumaa ya wiki ijayo tunamtoa binamu yetu, ni siku yake ya kuzaliwa. Tuko wanane: sita wanakunywa, wawili ni wa soda. Kila mtu anachanga shilingi 2,000, kwa hivyo mfuko ni 16,000, na humo humo lazima itoke nauli ya kurudi. Watano tunalala Zimmerman, watatu Donholm.

Mahali tumeshachagua, msinitume kwingine. Ni zile baa zenye matawi kadhaa, bei moja kila tawi, meza ndefu za mbao, runinga kila ukuta, nyama inachomwa nyuma. Tawi lenyewe liko katikati ya jiji la Nairobi. Bei zilizobandikwa ukutani ni hizi: bia ya chupa 500 ml 260, kegi 500 ml 110, vodka mzinga wa 750 ml 1,900 na toti 120, soda 80, maji lita moja 120, mbuzi kilo 1,100, ugali 100, kachumbari 50.

Ukipiga hesabu unaona pesa inatosha na chenji inabaki. Lakini kila ninayemwambia anacheka na kusema bili za hapo hutoka mara mbili ya ulivyopanga. Hiyo mara mbili hutokea wapi? Niagize nini, kwa utaratibu gani, na nyama kilo ngapi?

KauntaYaNyuma

Bei ya ukutani haina neno. Mashine ndiyo inayotoa bei, weita hawezi kukuuzia bia ya 260 kwa 320 na karatasi ikakubali. Pesa inavuja kwenye idadi, na inavuja kwa sababu ya jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa.

Weita akiingiza oda yako, karatasi moja inatoka kaunta na nyingine jikoni, zote zikiwa na jina lake na namba ya meza. Zamu ikiisha anatakiwa alete pesa inayolingana na karatasi zake zote. Ikipungua, mara nyingi inakatwa kwenye mshahara wake. Sasa meza ya watu watatu ikitoroka bila kulipa, ile karatasi inabaki yatima na inatafutiwa mzazi. Mzazi anayefaa ni meza kubwa, yenye kelele, yenye bili moja iliyo wazi tangu saa kumi na mbili, na yenye watu wanane ambao kila mmoja alikuwa akimwita weita kivyake. Yaani nyinyi. Wala si lazima weita awe mwizi. Bia sita zikiagizwa na watu watatu tofauti ndani ya dakika mbili, hata yeye hajui tena alileta sita au nane.

Dawa yake ni kutofungua bili. Chagueni mweka hazina mmoja kati ya wale wawili wa soda. Mkifika tu mwambieni weita, huku mkimwonyesha mtu mwenyewe: "Oda ni ya huyu peke yake. Mtu mwingine akiagiza, analipa yeye." Kisha lipeni kila raundi inapotua mezani. Raundi yenu ni bia sita 1,560 na soda mbili 160, jumla 1,720. Weita atafurahi, maana hana cha kudai mwisho wa usiku.

Bia ifunguliwe mezani, na vifuniko viingie kwenye glasi moja tupu. Msigombane na anayeondoa chupa. Chupa ni mali ya kiwanda, zinarudi kwenye kreti za 25, na meza inahitaji nafasi. Vifuniko vinatosha kama ushahidi.

Mambo mengine mawili watu hawayajui. La kwanza ni kuhamishwa meza. Mvua ikinyesha mkaambiwa muingie ndani, malizeni deni kabla ya kunyanyuka, kwa sababu oda zinapohamishwa kutoka meza 14 kwenda 31 ndipo kitu kimoja kinapoandikwa mara mbili, au cha wengine kinapobaki kwenye namba mliyoikuta. La pili ni zamu. Muulizeni weita anamaliza saa ngapi. Akiondoka saa tatu ataleta bili yote saa tatu, mkiwa tayari au la, na anayemfuata anaanza na karatasi mpya. Meza nyingi zinalipa raundi ileile mara mbili hapo.

Malipo: tumieni Till ya baa yenyewe, yaani namba ya M-Pesa ya biashara. Kulipia bidhaa kwa Till hakumkati mteja ada, na jina la biashara linatokea kabla hujathibitisha. Lisomeni. "Tuma kwa namba yangu nitakulipia kaunta" ni hapana, hata kama weita ni mtu mzuri kuliko wote. Mnakatwa ada ya kutuma, na kwenye mashine karatasi yenu bado inasoma haijalipwa mpaka yeye akumbuke. Kabla ya kukaa ulizeni kama bei ya ukutani imeshabeba VAT ya 16% na kama kuna ada ya huduma juu yake. Kwa baa za aina hii kwa kawaida bei ni ya mwisho, lakini swali ni la bure.

Mbavu_Moja

Nyama niachieni mimi.

Kilo 1,100 ni kilo ya nyama mbichi, pamoja na mfupa. Hapo ndipo hesabu za watu wengi zinapoanguka. Mbuzi akikaa kwenye jiko anapoteza maji na mafuta, karibu theluthi ya uzito. Kilo tatu mbichi zinarudi kwenye ubao kama kilo mbili, na ukitoa mfupa unabaki na kilo moja na nusu hivi ya kutafuna. Kwa watu wanane ni kama gramu 180 kila mmoja. Pamoja na ugali hiyo inatosha. Anayetaka kushiba nyama peke yake aje amekula kwao.

Kwa hivyo kilo tatu ni 3,300. Ugali minne, kila mmoja unakatwa kwa watu wawili, 400. Kachumbari nne, 200. Jumla 3,900.

Mweka hazina aende mwenyewe dirisha la bucha, asimtume weita. Aonyeshe kipande anachotaka: mguu wa nyuma una nyama zaidi kwa kila shilingi, mbavu zina ladha na mafuta lakini mfupa ni mwingi. Mguu kilo mbili na mbavu kilo moja ni mchanganyiko mzuri. Aone mzani unaanza sufuri kabla nyama haijawekwa, na kama kuna sinia juu yake, sinia iwe imeshaondolewa kwenye hesabu. Halafu ahakikishe vipande vinapewa alama au kijikaratasi cha meza yenu kabla havijaenda motoni. Ijumaa jikoni kuna oda ishirini zinazofanana, na mchomaji haangalii sura ya mtu, anaangalia alama.

Muda: mbuzi aliyekatwa vipande vikubwa anataka dakika 50 hadi saa nzima. Mkiletewa baada ya dakika ishirini, jueni alikuwa amechemshwa au kuchomwa nusu mchana, akapashwa tu. Utamtambua: amekauka nje na ndani amenyooka rangi moja kama nyama ya supu, hana moshi. Agizeni mkifika, kabla ya raundi ya kwanza. Mwambieni mchomaji asiweke chumvi nyingi. Chumvi ni rafiki wa kaunta, kila kipande kinaagiza bia yake.

Na msikubali "niongeze kidogo boss?" wakati wa kupima. Kidogo hicho ni gramu 400, na gramu 400 hapo ni 440.

Mtungi50

Hakuna aliyegusa kegi na ndiyo nafuu pekee ya kweli kwenye ubao huo. Vikombe vinne vya 500 ml kwa 440, chupa nne kwa 1,040. Watu wawili tu kati yenu wakinywa kegi, mmeokoa 1,200.

Lakini kegi ina masharti. Pipa ni lita 50. Linasukumwa na gesi ya kaboni kupitia bomba refu hadi kwenye koki, likipita kwenye kipozeo. Ladha ikiharibika, mara nyingi kosa ni la bomba na koki. Bomba lisiposafishwa kila wiki linajenga utando, na bia inatoka na harufu ya uchachu, kama siki au siagi iliyokaa. Ukiinusa hiyo, rudisha kikombe. Hakuna haja ya kelele, sema tu "koki imechacha". Pipa lililofunguliwa siku nyingi nalo hudorora. Ndiyo maana kegi nzuri iko mahali inapouzwa kwa wingi: Ijumaa jioni mapipa yanabadilishwa haraka. Jumatatu mchana ni habari nyingine.

Angalia povu pia. Povu la vidole viwili ni sawa. Likifika theluthi ya kikombe, ama bia haijapoa, ama gesi imefunguliwa sana, na wewe unalipia hewa. Subiri lishuke uombe kujaziwa. Ni haki yako, bei ni ya 500 ml. Vikombe vya plastiki vingi vina mstari wa kipimo. Kama hakuna, linganisha na chupa ya maji ya nusu lita.

Bi_Mahesabu

Nikiongeza kwa Mtungi50: kishawishi cha meza ya watu sita ni mzinga, kwa sababu 1,900 ukigawa kwa sita ni kama 317 kila mtu. Hebu tuangalie kilichomo. Mzinga wa 750 ml wenye kilevi asilimia 40 una ml 300 za kilevi chenyewe. Tusker ya 500 ml ina asilimia 4.2, yaani ml 21. Kwa hiyo mzinga mmoja ni Tusker 14 na kidogo. Kwa pesa tupu mzinga unashinda, hata ukiongeza soda za kuchanganyia za 400 au 500.

Kinachoharibika ni kasi. Bia 14 zinachukua meza ya sita saa mbili na zaidi kuzimaliza, kwa sababu tumbo linajaa. Mzinga unaisha kwa dakika 40, kisha mtu anasema "moja tena", na huyo wa pili ndiye anayewabeba. Tena mkono wa rafiki haupimi. Akimimina kwa jicho anaweka ml 50 pale kaunta ingeweka 30. Toti za 120 msiziguse kabisa: chupa moja inatoa toti 25 za 30 ml, hiyo ni 3,000 kwa kitu cha 1,900.

Ushauri wangu ni bia tu, raundi nne, na maji lita nne yaingie kwenye bajeti tangu mwanzo, si kama huruma ya mwisho. Raundi nne ni 6,880, maji 480, chakula 3,900. Jumla 11,260. Weita mpeni 500. Mnabaki na 4,240 za kurudi nyumbani na za dharura. Wawili wakienda kwenye kegi, ongezeni 1,200 juu ya hapo.

Zimmer_Kwa_Mataa

Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta, asanteni sana. Maswali mawili. Mmoja wetu wa kunywa ana gari na anasema atakunywa mbili tu ili atubebe. Na tukileta keki yetu, kuna shida?

KauntaYaNyuma

Keki: piga simu tawi lenyewe siku moja kabla. Baadhi wanaruhusu bure, wengine wanatoza ya kukata na sahani. Kinywaji cha kutoka nje hakiingii, msijaribu hata chupa moja kwenye mkoba, bausa wa mlangoni yuko hapo kwa kazi hiyo. Na ile desturi yetu ya kummwagia maji mwenye siku, ifanyieni nyumbani. Ndani kuna runinga, nyaya za spika na sakafu ya vigae, na mtakaolipia ni nyinyi. Meza nayo ishikilieni kwa simu. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ikifika saa moja jioni bila watu, wanaitoa.

Bi_Mahesabu

Gari: hapana kwa huyo wa mbili tu. Kiwango cha Alcoblow, kile kipimo cha pumzi cha polisi barabarani, ni mikrogramu 35 za kilevi kwa kila ml 100 za pumzi. Tusker moja ina gramu 16 hadi 17 za kilevi, na mwili wa kawaida unaondoa gramu 7 hadi 10 kwa saa. Yaani chupa moja ni takriban saa mbili, na hakuna kahawa, supu wala kuoga kunakoharakisha. Mbili zikanywewa taratibu pamoja na nyama, mtu mzito anaweza kuwa chini ya kiwango, lakini "mbili" za siku ya kuzaliwa huwa nne. Akinywa tano na kumaliza saa tano usiku, saa kumi na mbili asubuhi anaweza kuwa bado ana kilevi mwilini, akienda kazini akidhani amelala yakaisha.

Kama mmoja wa wale wa soda ana leseni na mwenye gari anakubali, funguo ziende kwake kabla ya raundi ya kwanza. Kumnyang'anya mtu funguo baada ya raundi ya tatu ni kazi nyingine kabisa.

Dada_wa_Meza_Tisa

Mmesema pesa, mmesema nyama, mmesahau mchele. Ninaposema mchele simaanishi wa pilau.

Dawa ya kulaza watu inawekwa kwenye kinywaji kilicho wazi, ndani ya sekunde mbili, na anayeiweka huwa mtu mzuri wa kuongea. Wanaume wanalengwa kama wanawake, pengine zaidi, kwa sababu ya simu na M-Pesa. Chupa ifunguliwe mbele yenu. Anayeenda msalani amalize kwanza, au amwachie mweka hazina, au akirudi aache hicho aagize kingine. Bia ya 260 ni rahisi kuliko simu. Kinywaji cha "yule jamaa pale amewanunulia" kikubaliwe kama kimeletwa na weita kikiwa kimefungwa tu.

Dalili ya kuangalia ni kutolingana. Mtu wa bia mbili anaongea kama mtu wa nane, kichwa kinaanguka, ndani ya nusu saa tu. Huyo msimwache "apumzike kwenye gari". Mlazeni ubavu ili asisongwe na matapishi, mmoja akae naye, mwiteni meneja, na kama haamki vizuri akiitwa apelekwe hospitali usiku huohuo. Simu yake mshike nyinyi. Ikiwa imeshaibiwa, pigieni mtandao wake kwa simu nyingine mfunge laini kwanza, habari ya kifaa baadaye.

Kabla ya kutoka nyumbani, wekeni namba ya siri kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungua kioo. Bila hiyo mwizi anahamisha laini kwenye simu yake na anapokea jumbe zote za benki.

Na kwa wanaosisitiza mzinga: kagueni stempu ya KRA, mamlaka ya kodi, kwenye chupa. Kuna programu ya Soma Label inayoisoma kwa kamera. Kifuniko kiwe hakijavunjwa muhuri. Chupa halisi inaweza kujazwa upya kinywaji cha uongo, na hatari ni methanoli, ambayo mwili unaigeuza asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mei 2014 makumi ya watu walikufa nchini kwa pombe ya namna hiyo. Inadanganya kwa sababu mtu anaamka kesho yake akidhani ni uchovu wa pombe, kisha macho yanaona ukungu. Macho yakibadilika hivyo, ni hospitali mara moja, hata kama ni saa kumi na mbili au ishirini na nne baadaye.

Njia44

Kurudi. Gari la kawaida la kuitwa kwa programu ya simu linabeba abiria wanne. Zimmerman mko watano. Watu hugundua hili wakiwa barabarani saa sita kasoro, dereva anakataa wa tano, mnaishia magari matatu badala ya mawili. Basi ama mwombe gari la watu sita kwenye programu, ama mmoja wa Zimmerman apite na wale watatu wa Donholm akalale huko.

Leseni ya kawaida ya baa inaishia saa tano usiku, na muda huo ndio kila mtu anaita gari. Bei inapanda papo hapo, na mvua ikiwepo inapanda tena. Tokeni saa nne na nusu. Mkiwa bado mnataka kukaa, angalieni programu kila dakika kumi na tano kuanzia saa nne ili mjue bei ya kawaida ni ipi kabla haijaruka. Dereva akipiga simu kuuliza "mnaenda wapi, mnalipa ngapi?" na bei imeshaonekana kwenye programu, mfutieni muite mwingine.

Ombeni gari mkiwa ndani, si ukingoni mwa barabara na simu mkononi. Mmoja atoke na kusoma namba ya gari nyuma, si mbele tu, kisha wengine watoke pamoja. Watatu wa Donholm waondoke kwanza, maana kundi dogo ndilo linalobaki peke yake likichelewa.

Matatu za Thika Road bado mtazipata saa nne, na kwa watano ni nafuu kuliko gari lolote. Nauli ya usiku hupanda, kwa hiyo ulizeni kabla ya kupanda na mwe na pesa ndogo ndogo. Mtu aliyelewa sana msimpandishe. Makanga atamshusha, na atamshusha pale pabaya.

Mbavu_Moja

Na mifupa msiiache kwenye ubao. Mkifika saa kumi na mbili, mwombeni mchomaji vichwa vya mbavu vichemshwe. Mahali pengi hawatozi supu kwa meza iliyonunua kilo tatu, na saa tatu usiku mtaihitaji.